Naivasha na sauti ya Kenya nje

Kwa nini Kenya ikizungumzia haki za binadamu nje, wasikilizaji hukunja uso? Mimi huanzia Naivasha. Hapo Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliwasuluhisha Wasudani, wakatia saini mkataba wa amani Nairobi, Januari 2005. Miaka mitatu baadaye, Naivasha hiyohiyo na Nakuru, watu wakauawa kwa sababu ya kabila lao. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta kuhusu mauaji hayo yalifika Hague. Serikali ikazunguka Afrika kuipinga mahakama, na Desemba 2014 yakaondolewa kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Oktoba 2024 tukachaguliwa katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Siku tisa baadaye wakimbizi wanne wa Kituruki walitekwa Nairobi, na serikali ikakiri imewarudisha kwao. Novemba akachukuliwa Kizza Besigye, papa hapa kwetu, akaibukia mahakama ya kijeshi Kampala. Boniface Mwangi alipozuiliwa Dar es Salaam, Mei 2025, tulilalamika kwa haki kabisa, lakini kwa uso gani?

Serikali itaje aliyeidhinisha Waturuki hao watolewe. Na waathiriwa wa Naivasha na Nakuru walipwe fidia.