Paneli ya Mkono na Mizani ya Faida

Kila mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, au zimefika lakini umeme wenyewe haukai, wapo mafundi wa redio na vijana waliosomea ufundi ambao hujiuliza kwa nini wanunue paneli ya sola iliyovuka bahari, ilhali viungo vyake huonekana vichache na kazi ya kuviunganisha haielekei kuizidi ile waifanyayo kila siku mezani pao. Swali hili ni la haki, tena ni la heshima, kwa kuwa linatoka katika shauku ya kutenda badala ya kununua tu. Nalo lastahili jawabu lenye hesabu, lisilomvunja mtu moyo wala kumlewesha kwa matumaini matupu.

Kiini cha paneli ni seli ya silikoni, kipande chembamba ambacho asili yake ni mchanga, kilichotiwa chembe za vitu vingine ili upande mmoja uwe na wingi wa elektroni na upande wa pili uwe na upungufu wake, hata nuru ikikipiga, elektroni hung'oka na kuwa mkondo wa umeme. Mfaransa Edmond Becquerel aliona nuru ikizaa umeme tangu mwaka 1839, walakini seli ya silikoni yenye manufaa ilidhihirishwa mwaka 1954 na Chapin, Fuller na Pearson katika maabara ya Bell huko Marekani, nayo iligeuza takriban asilimia 6 tu ya nguvu ya jua, hali seli nyingi za siku hizi hupita asilimia 20. Hakuna afanyaye seli nyumbani, maana kazi hiyo yataka tanuri, gesi za hatari na usafi usiopatikana nje ya kiwanda. Kwa hiyo mtu asemapo kuwa ameunda paneli, maana yake amenunua seli zilizokwisha kutengenezwa, akazipanga, akazilehemu, akazifunika na kuzitia fremu.

Kazi hiyo ina raha yake, na haifai kudharauliwa. Seli ya inchi 3 kwa 6, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwa waundaji wa mkono, hutoa nusu volti na ampea 3 na nusu hivi, yaani chini kidogo ya wati 2, na ili kupata paneli ya kuchaji betri ya volti 12 zahitajika seli 36 zilizofuatana, ambazo jumla yake ni volti 18 na wati 60 na ushei. Wengi hustaajabu kwa nini betri ya volti 12 itafutiwe volti 18. Sababu ni kwamba betri ya risasi haijai mpaka isukumwe na volti 14 na zaidi, na kwamba seli iliyokaa juu ya bati adhuhuri hufika joto la nyuzi 60 au kupita, na kwa joto hilo volti zake hupungua kwa karibu sehemu moja katika kumi, kisha waya nao huchukua sehemu yao. Basi ile akiba iliyoonekana kuwa ya israfu hubainika kuwa ni ya lazima.

Unene wa seli hauzidi sehemu ya tano ya milimita, na kidole kikibonyeza vibaya hupasuka. Fundi hulehemu utepe wa shaba kutoka uso wa seli moja, ulio hasi, hadi mgongo wa seli inayofuata, ulio chanya, na mpaka amalize seli zote 36 atakuwa amelehemu mahali zaidi ya mia moja. Seli hizo zimo katika kazi moja mithili ya safu ya watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto: akizembea mmoja, haijalishi wengine wana nguvu kiasi gani, maji yatakayofika mbele ni yale ya mzembe. Ndiyo sababu kiungo kimoja kilicholegea, au kivuli cha jani moja la mnazi juu ya seli moja, huweza kudhoofisha paneli nzima.

Palikuwa na zama ambazo taabu hiyo ililipa. Mwaka 1977 wati moja ya seli iligharimu zaidi ya dola 70, na hata karibu na mwaka 2008 paneli zilikuwa zikiuzwa kwa dola 4 hivi kwa kila wati, hata watu wengi wa Marekani wakawa wananunua kwa bei ndogo seli zilizomeguka kingo na kuziunganisha vibandani mwao. Huko Totogalpa, katika nchi ya Nikaragua, wanawake wa kijijini walijifunza kuunda paneli kwa mikono na kuziuza, na mwanafizikia Richard Komp alikuwa miongoni mwa walimu wa sanaa hiyo. Sasa wati moja hutoka kiwandani kwa chini ya senti 30 za dola, na anayekwenda dukani kununua rejareja kioo, alumini, utepe na gundi aghalabu hukuta kwamba vitu hivyo peke yake vimekwisha kuimeza bei ya paneli iliyo kamili, kabla hajanunua seli hata moja wala hajaihesabu thamani ya siku zake.

Na tutazame mavuno. Paneli ya wati 65, katika pwani yetu yenye jua kamili la saa 5 kwa siku, ikikatwa hasara za joto, waya na betri, hutoa kama robo ya uniti moja kwa siku, yaani uniti 90 hivi kwa mwaka. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ambaye uniti moja pamoja na kodi humfikia kwa shilingi 350 hivi, hizo ni shilingi elfu thelathini na kidogo kwa mwaka. Mwenye umeme nyumbani, basi, hataokoa kitu cha kutajika. Asiye nao, ambaye hununua mafuta ya taa kwa ajili ya kibatari na kulipa kila mara simu yake ichajiwe dukani, huyo mizani yake ni nyingine, kwa kuwa robo ya uniti yatosha kuwasha taa kadhaa usiku na kuchaji simu za nyumba nzima. Lakini faida hiyo huipata kwa paneli yoyote, na ile ya kiwandani humpa kwa miaka mingi zaidi.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Paneli haiuzi umeme wa leo tu. Inauza miaka ishirini au ishirini na mitano, na wakati huo wote adui yake ni maji. Kiwandani seli hulazwa baina ya karatasi za plastiki maalumu, ambazo huyeyushwa pasipo hewa mpaka zikashikana na kioo kigumu upande wa mbele na ngozi isiyopitisha unyevu upande wa nyuma. Kipimo cha kimataifa kiitwacho IEC 61215 hutaka paneli ya aina hiyo ipitishwe mara 200 kutoka baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hadi joto la nyuzi 85, na iwekwe saa 1000 katika joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Paneli ya mkono iliyofungwa kandokando kwa gundi, mgongo wake plaiwudi na uso wake plastiki, huanza kushindwa bila mtihani wowote: plaiwudi hunyonya maji, plastiki hujipinda, mvuke huganda ndani, na huku kwetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, hewa ya chumvi hushuka juu ya mistari ya fedha na viungo vya risasi ikavila. Viungo vyenyewe hutanuka kila mchana na kunywea kila usiku, hata vikalegea. Na kiungo kilicholegea hupata moto. Kikiwa juu ya mbao, na mbao ziwe juu ya makuti, nyumba na waliolala ndani yake wamo hatarini. Kwa hiyo nasema pasipo kuzungukazunguka kwamba paneli iliyoundwa kwa mbao haifai kupandishwa juu ya paa la nyumba ya mtu.

Je, mkono wa fundi umekosa kazi? Hasha. Mwaka 1984, katika shule ya sekondari ya Karamugi huko Meru nchini Kenya, Wamarekani Harold Burris na Mark Hankins walifunga umeme wa jua pamoja na mafundi wenyeji waliofundishwa kazi hiyo. Walimu wakauona, wakautaka majumbani mwao, na katika miaka iliyofuata ikazuka Kenya biashara kubwa ya sola iliyosimama juu ya ujuzi wa kufunga, kupima na kutengeneza, paneli zenyewe zikitoka kiwandani. Katika Kinyasini, Unguja, wanawake wa vijijini, wengi wao hawakupata kusoma sana, hufundishwa na chuo cha Barefoot, ambacho asili yake ni Tilonia nchini India, kulehemu taa na vidhibiti vya chaji kwa mikono yao, kisha wakarudi kuziwasha taa hizo na kuzitunza katika nyumba za jirani zao. Kulehemu ni kule kule. Tofauti ni kwamba kidhibiti hukaa ndani, pakavu, na kikiharibika hufunguliwa na kutengenezwa.

Tena ziko paneli nyingi zilizotupwa zikidhaniwa kuwa zimekufa. Paneli ya seli 36 ikiwekwa kwenye jua kali bila kuunganishwa na kitu, mita huonyesha volti 20 au 21. Ikionyesha 10 tu, yaelekea nusu ya seli zake zimerukwa, na mara nyingi kosa li katika dayodi moja, kifaa cha kuupitisha mkondo kando ya seli zilizodhoofika, iliyoungua ndani ya kisanduku cha nyuma. Fundi mwenye mkono mzuri huifunika paneli kwa nguo nzito, akaitoa dayodi ile, akalehemu nyingine iwezayo kubeba mkondo wote wa paneli, na kabla hajarudisha kifuniko hukagua mpira wake na kuziba tundu la waya kwa gundi ya silikoni, maana maji yakiingia humo, dayodi mpya haitaimaliza masika.