Ujasiri wa Kukataa Bahasha

Juzi, kijana anayekusanya ushuru sokoni Manyoni aliniuliza: "Kaka, siku hizi Wakristo hatutupwi tena kwa simba. Ujasiri wetu ni upi?"

Nilimsimulia habari za Floribert Bwana Chui wa Goma, Kongo. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alipewa hongo ili apitishe chakula kilichoharibika. Alikataa, imani yake haikumruhusu kuwalisha watu sumu. Julai 2007 alitekwa, akauawa akiwa na miaka 26. Juni 15, 2025, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri mjini Roma.

Ndugu msikilizaji, ujasiri wa Mkristo hauishii kanisani. Hupimwa Jumatatu kazini, bahasha inaposogezwa mezani na hakuna anayekuona.