Uso si sufuria

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa vijana wetu wa shule za sekondari kwamba chunusi ni uchafu, na kwamba dawa ya uchafu ni kuusugua hadi utoke. Kwa ajili ya dhana hiyo nimewaona wanafunzi wakijisugua nyuso kwa chumvi, kwa sukari, kwa maji ya limau na hata kwa dodoki gumu. Baada ya siku chache chunusi zi pale pale, na juu yake pameongezeka michubuko. Si ajabu pia kumsikia mwalimu akimwamuru mwanafunzi, mbele ya wenzake, akaoshe uso vizuri. Naamini amri hiyo inajeruhi mara mbili: inamwaibisha kijana kwa jambo lisilo kosa lake, kisha inamtuma akajidhuru.

Chunusi hazitokani na uchafu. Wakati wa kubaleghe, homoni huzichochea tezi za ngozi kutoa mafuta kwa wingi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli zilizokufa huziba vitundu vya ngozi, bakteria wakazaana humo, na mahali hapo pakavimba. Msuguo hauwezi kuifikia tezi iliyo chini ya ngozi. Anayeisugua chunusi iliyoiva huipasua tu na kuuzidisha uvimbe.

Sisemi kwamba kuondoa seli zilizokufa usoni ni jambo baya. Akina mama wa pwani yetu wameijua singo na liwa kwa vizazi na vizazi, na bibi arusi husingwa kabla ya siku yake kuu. Lakini tuzingatie jinsi wanavyofanya: kusinga ni kazi ya kiganja, taratibu, kwa viungo vilivyosagwa vikalainika. Kusugua gaga la kisigino kwa jiwe ni kazi nyingine kabisa, na lugha yetu yenyewe imezitenganisha kazi hizo mbili. Vijana wetu wanaupa uso adhabu ya kisigino.

Isitoshe, ngozi hujivua yenyewe. Seli mpya huzaliwa chini, zikapanda polepole, na kwa kijana huchukua takriban siku 28 kufika juu na kupukutika. Utando huo wa juu ndio ukuta unaozuia maji ya mwili yasipotee na viini visiingie. Anayesugua aisaidie ngozi katika kazi yake, asiubomoe ukuta huo.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kutahadhari. Ngozi yenye melanini nyingi ikijeruhiwa huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi mingi. Hapo ndipo ninapoiona hatari kubwa zaidi, kwani kijana anayetaka kulifuta doa alilojisababishia huishia mikononi mwa wauzaji wa krimu za kujichubua. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, lakini krimu za aina hiyo zingali zinauzwa kwa kificho. Zebaki hupenya kwenye ngozi na huweza kuharibu figo. Hivyo safari iliyoanza kwa sukari na limau huweza kumfikisha kijana hospitalini.

Afanyeje basi? Anawe mikono, kisha aoshe uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Mara moja kwa wiki, au mbili kwa wingi, achukue kitambaa laini kilicho safi, apitishe usoni kwa miduara midogo kwa muda wa nusu dakika bila kukandamiza, asuuze, ajifute kwa kugusagusa, kisha apake mafuta mepesi. Asiguse penye kidonda wala chunusi iliyovimba. Limau aliache jikoni, kwa maana asidi yake huchoma, na ngozi iliyopakwa limau ikipigwa na jua huweza kubabuka. Mwenye kutumia dawa ya chunusi aliyopewa na daktari asijisugue kabla ya kumuuliza. Ngozi ikiwasha au ikichoma, aache. Tena ajikinge na jua, maana ngozi iliyotoka kusuguliwa huumia upesi. Chunusi zikizidi, aende zahanati.

Walimu wenzangu, somo la Biolojia tayari linafundisha muundo wa ngozi. Tunamchorea mwanafunzi tezi na vinyweleo ubaoni, akavikariri kwa ajili ya mtihani, kisha akaenda bwenini kujikwaruza. Tungetumia dakika kumi tu za kipindi hicho kumweleza kwamba mchoro ule ni uso wake mwenyewe, tungewaepusha wengi na madoa na fedheha. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu mwenye chunusi. Mara nyingi kicheko hicho ndicho kinachompeleka kwa muuza krimu.