Ann Arbor: Mji ulioiweka benchi mbolea ya nyasi

AGOSTI 2, 2014 Manchester United ya Louis van Gaal iliichapa Real Madrid mabao 3-1 katika mechi ya kirafiki mjini Ann Arbor, jimbo la Michigan, Marekani. Ashley Young alitupia mawili, Chicharito akaweka la tatu na Gareth Bale akaifungia Madrid kwa penalti. Ila kilichozungumzwa zaidi siku ile kilikuwa umati: watu 109,318 uwanjani, rekodi ya mahudhurio ya mechi ya soka nchini Marekani.

Alfajiri ya siku hiyo hiyo, mwendo wa kama saa moja kwa gari kuelekea kusini, wakazi wa Toledo, jimbo la Ohio, walitangaziwa wasinywe maji ya bomba. Hata kuyachemsha walikatazwa, maana kuchemsha kungeizidisha makali sumu iliyokuwemo. Zaidi ya watu 400,000 walikaa hivyo hadi Jumatatu asubuhi. Maji ya chupa yaliisha madukani, watu wakavuka mpaka wa jimbo kwenda Michigan kuyasaka.

Sumu ile ilitoka Ziwa Erie, ambako mwani wa kijani ulikuwa umetanda kama zulia. Na mwani huo haujileti. Unalishwa, na chakula chake kikubwa ni fosforasi, ile ile iliyomo kwenye mifuko ya mbolea.

Sasa shabiki atauliza, haya yameingiaje ukurasa wa michezo? Yameingia kwa mlango wa nyasi. Hakuna watu wanaozisema nyasi kama sisi. Timu ikicheza vibaya tunasema uwanja mbovu, na pasi isipofika tunasema mpira ulidundadunda. Tunataka zulia la kijani kama tunaloliona kwenye televisheni, na wengi wetu tunaamini zulia hilo huja kwa kumwaga mbolea, basi. Ann Arbor wameonyesha kwamba sivyo.

Anayelima mahindi atalielewa hili haraka kuliko mwenye bustani ya maua Masaki. Mfuko wa mbolea una namba tatu: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. DAP tunayopandia huandikwa 18:46:0, na ile 46 ya kati ndiyo fosforasi. Kazi yake ni mizizi, mmea unapoanza maisha. Ya kukuzia ni nyingine, kama Urea, ambayo ni naitrojeni tupu. Nyasi zilizokwisha kushika ardhi, kwenye udongo ambao tayari una fosforasi ya kutosha, hazina haja ya namba ya kati. Ukiimwaga ni sawa na kumpasia mchezaji aliyekwisha kutolewa nje. Mpira unapotea tu, na huku mvua ikinyesha unapotelea kwenye mtaro, mtaro unaingia mtoni.

Mto wa Ann Arbor unaitwa Huron. Mji unachota humo sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa, na mto wenyewe unamwaga kwenye Ziwa Erie, ziwa lile lile lililowaponza Toledo. Mwaka 2006 mji ulipitisha sheria ndogo ya kubana fosforasi kwenye mbolea ya nyasi, ikaanza kufanya kazi 2007. Kukawa na minong'ono kama kawaida: kwa nini serikali iingilie bustani ya mtu?

Majibu yalipatikana mtoni. Mtafiti John Lehman wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walipima maji ya Huron kiangazi cha 2008, wakalinganisha na vipimo vya kabla ya sheria. Fosforasi ilikuwa imeshuka kwa wastani wa asilimia 28. Watafiti hawakukimbilia kushangilia. Walikiri kwamba huenda si sheria peke yake, kwa sababu mji ulikuwa pia unawaelimisha wakazi kuhusu kulinda mto. Lakini asilimia 28 kwa kiangazi kimoja si haba.

Minnesota ndiyo ilikuwa imetangulia. Hilo ndilo jimbo la kwanza Marekani kubana fosforasi ya nyasi, kwa sheria ya 2002 iliyofika jimbo zima mwaka 2005. Michigan yenyewe ikafuata Januari 2012. Huruhusiwi kuiweka mpaka upime udongo na uonekane una upungufu, au uwe unaotesha nyasi mpya. Hupigi mbolea karibu na maji chini ya futi 15, kama mita nne na nusu, isipokuwa una kifaa cha kuizuia isitawanyike. Ardhi iliyoganda au iliyolowa chepechepe huigusi. Iliyomwagikia kwenye lami, unaifagia.

Hapo utauliza: kama Michigan ilikuwa na sheria tangu 2012, ilikuwaje Toledo ikakosa maji 2014? Swali zuri, na jibu lake wanasiasa wa kule hawalipendi. Fosforasi nyingi iliyolilisha ziwa ilishuka na mto Maumee, unaopita katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Sheria ya nyasi haigusi mashamba. Mwenye kibustani alikuwa amebanwa, mkulima mkubwa kwa sehemu kubwa alikuwa ameombwa tu ajirekebishe. Kwa maoni yangu hiyo ni kukaba mchezaji wa akiba huku mshambuliaji akiachwa peke yake ndani ya boksi.

Huko Florida tatizo lina sura nyingine, kwa sababu kwenye maji ya chumvi naitrojeni nayo ni mkorofi mkubwa. Kaunti ya Pinellas ilipitisha sheria 2010: kuanzia Juni 1 hadi Septemba 30, msimu wa mvua, mbolea ya nyasi yenye naitrojeni au fosforasi haipigwi, na dukani haiuzwi. Wenye bustani wanapiga madini ya chuma, nyasi zinabaki kijani. Kaunti ya Miami-Dade ikaja na ya kwake 2021, baada ya maelfu ya samaki kuelea wamekufa katika Ghuba ya Biscayne Agosti 2020.

Na viwanja vya mpira je? Katika kaunti ya Pinellas, Tampa Bay Rowdies wanacheza uwanja wa Al Lang, kandokando kabisa ya ghuba. Sheria nyingi za Florida zinavitazama viwanja vya michezo na vya gofu kwa jicho tofauti, kwa kuwa nyasi zinazokanyagwa kila wiki lazima ziote upya haraka. Havifungiwi moja kwa moja, ila mtunzaji anatakiwa afuate miongozo ya kitaalamu: kipimo kidogo kidogo, mara nyingi, si gunia zima mara moja. Naona hapo wamepatia. Mtunza uwanja anayejua kazi yake hapotezi mbolea, kwanza ni hela.

Huku kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuandaa AFCON 2027, na nyasi zimekuwa gumzo kuliko miaka yote. Nchi zote tatu zinachangia Ziwa Victoria, na gugu maji linalowasumbua wavuvi wa Mwanza na Kisumu linalishwa na chakula kile kile. Viwanja si chanzo chake, tuseme kweli. Chanzo ni majitaka, viwanda na mashamba. Lakini kiwanja kama CCM Kirumba kiko Mwanza, mji wa ziwani, na mvua ya kule mnaijua. Siku viongozi watakapoitisha wanahabari kutuonyesha nyasi mpya, nitauliza bei yake kama wenzangu wote. Kisha nitaomba kuona cheti cha kipimo cha udongo.