Fungu Likiongezwa, Jingine Hupunguzwa: Mwakilishi Wadi Katika Majuma ya Bajeti

Mwakilishi wadi, yaani mjumbe anayechaguliwa na wakazi wa wadi moja kuingia katika bunge la kaunti lililoundwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, hufahamika zaidi kwa wananchi kama mtu wa basari, wa visima na wa matanga, ilhali kazi aliyokabidhiwa na sheria hufikia kilele chake katika majuma tisa hivi ya kila mwaka. Majuma hayo huanza tarehe 30 Aprili, siku ya mwisho ya serikali ya kaunti kuwasilisha makadirio ya bajeti bungeni, na kukoma tarehe 30 Juni, wakati mswada wa matumizi ya fedha unapopaswa kuwa umepitishwa ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai mosi.

Kaunti ya Kitui ina wadi 40 na Makueni ina 30, lakini ulinganifu wa hesabu hizo hauendi mbali. Kitui, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 30,000 na watu 1,136,187 kwa sensa ya mwaka 2019, humpa mwakilishi mmoja wastani wa kilomita za mraba zaidi ya 700, huku mwenzake wa Makueni, ambako watu 987,653 waliishi katika eneo la takriban kilomita za mraba 8,000, akiwa na eneo lisilofikia nusu ya hilo ingawa watu wake ni wengi kidogo. Kwa sababu hiyo mwakilishi wa Tseikuru au wa Mutha, ambaye wadi yake iko mbali sana na mji wa Kitui, hawezi kulala kwake na kuwahi vikao. Msimu wa bajeti humtenga na watu wake hasa wakati anapowahitaji, na wadi humfuata kwa simu.

Asubuhi ni za kamati, na hapo ndipo kazi ilipo. Makadirio ya bajeti hugawanywa kwa mafungu, fungu likiwa ni kiasi cha fedha kinachotengewa idara moja, na kila kamati ya kisekta, iwe ya afya, maji, barabara au kilimo, hupitia fungu la idara yake kabla ya kupeleka mapendekezo kwa Kamati ya Bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 haikatazi wawakilishi kubadilisha tarakimu, ila inawafunga kwa kanuni moja: nyongeza yoyote katika fungu moja lazima ifidiwe kwa upungufu katika fungu jingine. Iwapo kamati ya maji inataka shilingi 6,000,000 zaidi kwa ajili ya silanga, yaani bwawa la kuchimbwa la kuhifadhi maji ya mvua, lazima ioneshe shilingi hizo zinakotoka, na zinakotoka pana mwenyewe, kwa mfano mwakilishi wa wadi ya milimani kama Kilungu au Mbooni ambaye kero ya watu wake ni barabara inayochukuliwa na maji kila masika. Mazungumzo ya ukumbini kwenye chai, ambayo hayaingii katika kumbukumbu rasmi, mara nyingi ndiyo yanayoamua nani atakata nini.

Hata nafasi hiyo si pana kama inavyodhaniwa, kwa kuwa mabadiliko hayo hayana budi kupatana na waraka wa mkakati wa fedha, ambao serikali ya kaunti huuwasilisha kufikia tarehe 28 Februari na ambao huweka viwango vya juu vya kila idara. Mwakilishi aliyeupuuza waraka huo hufika Juni akikuta sehemu kubwa ya ubishi imekwisha kuamuliwa.

Upigaji kura wenyewe ni mfupi kuliko maandalizi yake. Spika huhakikisha kwanza kwamba akidi imetimia, yaani kwamba thuluthi moja ya wajumbe wamo, na ikipungua kengele hupigwa kuwaita walio nje. Mswada husomwa mara ya kwanza bila mjadala, hujadiliwa kwa jumla katika kusomwa mara ya pili, kisha Kamati ya Bunge Zima, ambayo ni wajumbe wote wakikaa kama kamati, hupitia kifungu baada ya kifungu kabla ya kusomwa mara ya tatu. Spika huwahoji wanaokubali, wakajibu ndiyo, na wanaopinga, wakajibu la, na akishasikiliza ukubwa wa sauti hutangaza upande ulioshinda. Yeye mwenyewe hana kura.

Madhara ya hatua hizo kukwama yalionekana wazi Makueni, pale mvutano wa bajeti kati ya bunge na Gavana Kivutha Kibwana ulipofikia hadi risasi kufyatuliwa katika viwanja vya bunge mjini Wote mwezi Septemba 2014 na watu kadhaa kujeruhiwa. Ombi la kuivunja serikali ya kaunti lilichunguzwa na tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga, iliyopendekeza kaunti isimamishwe, lakini Rais Uhuru Kenyatta alikataa pendekezo hilo mwaka 2015. Kaunti hiyohiyo baadaye ikasifiwa kwa ngazi zake za ushirikishwaji wa umma, zinazoanzia mikutano ya vijiji zaidi ya 3,000 na kupanda hadi wadi na kaunti, jambo ambalo halimrahisishii mwakilishi kazi: kila anachokikata Juni kilikwisha kutajwa na watu hadharani.

Kuna kazi nyingine isiyoandikwa popote. Bajeti huandikwa kwa Kiingereza, hujadiliwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na hufafanuliwa barazani kwa Kikamba, kwa hiyo mwakilishi huwa pia mkalimani wa tarakimu.

Mswada ukishapita hupelekwa kwa gavana, ambaye ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha na maelezo yake, na wawakilishi hurejea kwenye wadi zao. Swali la kwanza wanaloulizwa Kyuso au Kathonzweni halihusu akidi wala fungu, bali ni lini tingatinga litafika kuchimba silanga. Na jibu halimo mikononi mwao, kwa kuwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamkataza mwakilishi kushiriki, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, katika utekelezaji wa mradi uleule alioupigia kura.