Maziwa Hayaifuati Sumu Kwenye Damu

Kila msimu wa kupuliza dawa swali ni lile lile: "Nikimaliza, ninywe maziwa glasi moja au mbili?" Nimeulizwa tena Rwimbogo, Rwanda, na kijana aliyekuwa bado na bomba mgongoni, kifuniko kinavuja, shati limelowa hadi kiunoni. Jibu: hata ndoo nzima haitasaidia.

Sumu hiyo haikupitia tumboni. Imepenya ngozi ya mgongo na ya viganja vilivyochanganya dawa bila glavu, na nyingine umeivuta puani. Iko kwenye damu tayari. Maziwa yanakwenda tumboni, yanasagwa kama chakula kingine, basi. Profenofosi, iliyomo katika baadhi ya dawa za wadudu zinazotumika sana Rwanda na Uganda, huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva. Ishara zisipozimwa, mate yanachuruzika, mboni zinasinyaa, kifua kinabana, misuli inatetemeka. Kutibu hali hiyo, hospitali hutumia dawa ya atropini, si maziwa. Aliyemeza sumu naye, akilazimishwa kunywa maziwa, anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Na ule unafuu unaousikia baada ya glasi yako? Umeacha kazi, umevua shati, umekaa kivulini. Hayo ndiyo yaliyokusaidia.

Imani hii kwamba maziwa huondoa sumu inanikera kwa sababu inavuruga hesabu yote. Tukitaka kuondoa sokoni dawa kali, tunaambiwa gharama zitapanda na mpunga wa Bugarama utaliwa na wadudu. Gharama hiyo ina risiti. Siku alizolala kibarua kichwa kikimgonga hazina risiti, wala mtoto aliyekunywa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, na maziwa yanatuaminisha kwamba hasara hiyo haipo. Sri Lanka iliihesabu. Iliondoa dawa za daraja la sumu kali zaidi mwaka 1995, na dawa ya wadudu ya endosulfani mwaka 1998. Kufikia 2005 kiwango cha watu kujiua, mara nyingi kwa kumeza dawa za kilimo, kilikuwa kimepungua kwa takriban nusu, na mavuno ya mpunga hayakuporomoka. Mwaka 2021 nchi hiyo hiyo ilizuia uingizaji wa mbolea na dawa zote za kemikali kwa mpigo mmoja. Serikali ikalegeza kabla mwaka haujaisha, lakini mavuno yakaanguka. Anayetaka kupinga udhibiti atumie mfano huo wa pili, lakini asijifanye hajui ule wa kwanza.

Sasa ya kufanya. Sheria ya Rwanda ya 2012 inataka dawa za kilimo zisajiliwe, kwa hiyo usinunue ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Tazama ukanda wa rangi sehemu ya chini ya kibandiko: ukiwa mwekundu, hiyo ni sumu kali, rudisha. Bomba linalovuja litengenezwe kwanza. Glavu za mpira, buti, mikono mirefu; asubuhi upepo ukiwa umetulia; kuoga kwa sabuni kabla ya kula; nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukianza kutetemeka au kutokwa mate, vua nguo, jioshe, na watu wakukimbize kituo cha afya wakiwa na chupa yenyewe, ili mganga asome jina la dawa.