Kambi tulivu kwa familia wakati wa likizo

Shule za Kenya zinapofungwa Aprili, Agosti na Desemba, kambi za Naivasha hujaa watu. Mzazi aliyetaka kuzungumza na watoto wake hukuta muziki na msongamano. Hatuwezi kuhamisha likizo, lakini tunaweza kubadili mahali na siku.

Mahali: Tuchague hifadhi ndogo isiyotajwa sana. Mfano ni Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp karibu na Kitale, yenye kilomita za mraba 3 hivi tu. Ilianzishwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, swala wa majini aitwaye pia sitatunga. Wageni hutembea kwa miguu kwenye vijia, hivyo hakuna foleni ya magari.

Siku: Tuende kati ya Jumatatu na Alhamisi, wengi wakiwa kazini.

Maandalizi: Tuulize mapema kuhusu maji, choo na ulinzi. Penye kinamasi pana mbu, basi tubebe vyandarua. Tuzime moto kabisa kabla ya kulala.

Penye utulivu, mtoto husema yale ambayo nyumbani hayapati nafasi. Tumsikilize.